Kijitabu cha Mtu wa Darasa la Saba

Singida Mjini,
6 Novemba 2023

Mzee wangu Melkizedeki,

Shikamoo. Ni mimi Radhia, Mama Kauthar, yule niliyekuwa nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, niliyekuletea binti yangu kliniki ya kifafa kila mwezi kwa miaka kumi. Naamini hujanisahau, maana ulipostaafu na kurudi kwenu Kinampanda, ukasikia ya msiba, ulinitumia barua ya pole. Ninayo mpaka leo ndani ya msahafu. Ningekupigia simu, lakini nesi Janeth ameniambia masikio yako yamekataa kabisa, na simu umeiweka kabatini. Basi nikasema nitaandika. Barua haitaki kupaza sauti.

Mimi huku ni mzima, Alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa. Luqmani, baba yake Kauthar, yuko Tabora kwa mke mdogo na biashara yake ya vitenge. Anakuja mara moja kwa miezi mitatu, anakaa siku mbili kama mgeni. Nashona kidogo, nasali, Alhamisi nakwenda darsa na akina mama wenzangu. Huko ndiko jambo lenyewe lilikoanzia.

Toka Kauthar afariki, akina mama wenye watoto wa ugonjwa ule wamekuwa wakinifuata nyumbani. Sijui nani anawaelekeza. Mmoja alitoka Ikungi na mtoto mgongoni, akanikuta naanua nguo, akasema, "Wewe ndiye mama wa yule marehemu wa kifafa?" Hakujua kwamba ananichoma. Nikamkaribisha chai, nikamwambia niliyoyajua: mlaze ubavu, ondoa jiko na ndoo ya maji karibu yake, usimwekee kijiko mdomoni, usimkandamize, kaa naye mpaka azinduke. Alilia. Alisema watu wote wakimwona mtoto anatoa povu wanakimbia, na yeye alikuwa anakimbia pia.

Ustadhati, mwalimu wetu wa darsa, akasema, "Mama Kauthar, andika haya. Utawaambia wangapi kwa mdomo?" Mwenye duka la steshenari pale sokoni amesema atatutolea nakala kwa ajili ya thawabu. Basi nimeandika. Kurasa kumi na moja za daftari.

Ila nina hofu, Mzee. Mimi ni wa darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa kulirudia. Ugonjwa huu una vitabu vyake, na watu wamekaa vyuoni miaka mingi kwa ajili yake. Je, mtu kama mimi ana ruhusa ya kuandika, au ni kama mtu anayechinja na hajui kibla kiko wapi? Nakutumia daftari kwa gari la Kiomboi. Niambie ukweli.

Wako katika heshima,
Radhia (Mama Kauthar)


Kinampanda,
19 Novemba 2023

Mama Kauthar,

Marahaba. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Amri, yule dereva wa gari la Kiomboi, alilileta daftari mwenyewe mpaka mlangoni, akaongea maneno mengi, mimi nikaona midomo tu, nikaitikia "asante, asante". Nadhani alikuwa ananiuliza kitu, maana aliondoka amekunja uso.

Nimelisoma mara mbili na kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyozoea kuwasahihisha wanafunzi waliokuwa wanakuja kwetu kwa mafunzo. Nitakuambia ukweli kwa kuwa nakuheshimu.

Ukurasa wa pili umeandika kwamba kichwa cha mgonjwa kinapigwa shoti. Msomaji wa kijijini akiona shoti atafikiri akimgusa mgonjwa na yeye atarushwa. Tayari watu wanakimbia povu, sasa unawapa sababu ya pili. Ukurasa wa nne umeeleza habari ya kumnusisha mgonjwa kitunguu. Umesema haisaidii, nimeona. Lakini mtu anayesoma kwa haraka, mtoto yuko chini anatupa miguu, ataliona neno kitunguu na kukimbilia jikoni. Ukurasa wa tano ndio ulionishangaza. Umesema muda wa kuanguka upimwe kwa kusoma Suratul Fatiha pole pole, na ikifika mara ya kumi mtoto hajatulia apelekwe hospitali. Mama Kauthar, dakika ni dakika. Ni tano. Huwezi kuweka sala ndani ya maelezo ya tiba. Na Mkristo naye asome nini?

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, na bado yapo mambo ya kifafa nisiyothubutu kuyaandika. Kosa la mdomo mtu atakuuliza tena, utalirekebisha pale pale. Kosa la karatasi linakwenda Ikungi, linakwenda mpaka Kintinku, linaingia nyumba usizozijua, na wewe haupo pale kusema samahani nilikosea. Anayeandika habari ya dawa aijue yote, au aache. Waelekeze hao akina mama kliniki. Wataalamu wapo.

Usinielewe vibaya. Moyo wako ni mzuri, mwandiko pia unasomeka.

Huku mvua bado haijakaa sawa. Toka Agripina wangu atangulie mbele za Mungu nakula mara moja kwa siku. Chakula kipo, ila kumpikia mtu mmoja kunachosha. Watu hunipungia mkono kutoka barabarani na kupita. Siwalaumu, kupiga kelele ili mzee asikie salamu ni kazi. Ukipata nafasi niandikie, hata kama si habari ya daftari.

Melkizedeki Shila


Singida Mjini,
2 Desemba 2023

Mzee wangu,

Shikamoo. Wino wako mwekundu nimeupokea. Niliposoma hapana nilifunga daftari, nikaliweka juu ya kabati. Sikukasirika. Nisiwe mwongo, nilikasirika siku mbili.

Shoti ni neno lako, Dokta. Mwaka ule wa kwanza nilikuuliza mwanangu amerogwa nini, ukanijibu hajarogwa, kichwa kinapata kama shoti ya umeme halafu kinatulia. Nililishika hilo nikaacha kwenda kwa waganga. Leo unalikata na kalamu nyekundu. Kitunguu nacho, nisipokitaja, mama wa huku kwetu atajuaje kwamba nasema naye? Atasoma kila kitu, atasema hiki kijitabu ni cha watu wengine, halafu atakwenda kutafuta kitunguu. Na Fatiha, mimi saa sikuwa nayo. Simu ukiwa umemshika mtoto huwezi kuishika. Kilichokuwa huru ni ulimi.

Lakini sikuandiki ili tubishane. Umesema niache, nimeacha, na nimemwambia ustadhati.

Kuna swali moja tu. Alhamisi iliyopita Mwantum, mwenzangu wa darsa, muuza vyungu pale kona ya msikiti, alinishika mkono baada ya dua. Ana binti wa miaka kumi na tatu, ugonjwa ni ule ule, anameza kidonge asubuhi na kingine jioni. Binti ameapa kwamba Ramadhani hii atafunga kama wenzake. Mwantum akaniuliza, "Dada Radhia, wewe mzoefu. Kile cha asubuhi nikipeleke wapi?"

Nikanyamaza, Mzee. Nikamwambia nitauliza. Basi nauliza. Kwenye vitabu vyenu imeandikwaje? Ramadhani itaingia mwezi wa tatu, muda bado upo.

Na wewe ule mara mbili. Pika ya mchana nyingi, ya jioni upashe.

Radhia


Kinampanda,
16 Desemba 2023

Mama Kauthar,

Marahaba. Nilipasha kama ulivyosema. Maharage ya jana ni matamu kuliko ya leo, nilikuwa nimesahau.

Swali lako nalijibu kitaalamu. Mgonjwa wa kifafa asifunge kabla ya kuongea na tabibu wake, na wengi wataambiwa wasifunge. Kidonge hakikai mwilini kikisubiri kama ugali. Mwili unakitumia na kukitoa, ndiyo maana vikagawanywa, kimoja asubuhi na kimoja jioni, ili mgonjwa asibaki mtupu. Ukimpa viwili kwa mpigo jioni, usiku vitamlevya, na kesho yake mchana vitakuwa vimepungua kuliko inavyotakiwa. Jambo la pili ni usingizi. Mtu anayeamshwa daku mwezi mzima na kusimama sala ndefu usiku analala kidogo, na kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha. Huyo binti apelekwe kliniki mapema, kabla ya mwezi wenyewe.

Haya hayamo kwenye maelezo tuliyokuwa tunawapa wagonjwa. Katika miaka yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya kufunga.

Sasa na mimi nina swali. Kwa nini ulinyamaza mbele ya Mwantum? Wewe si mtu wa kunyamaza. Na Kauthar hakuwa anafunga, uliniambia mwenyewe kila mwaka.

Kuhusu Fatiha. Ninaye jirani, Mzee Abdillahi, anakuja kuchota maji kisimani kwangu. Nilimwomba akae barazani aisome mara kumi, pole pole kama anasali. Sikusikia hata herufi. Nilitazama midomo yake na mshale wa saa yangu. Ilikuwa dakika tano na kitu kidogo. Wino wa ukurasa wa tano nimeufuta. Mengine yanabaki.

Melkizedeki Shila


Singida Mjini,
28 Desemba 2023

Mzee wangu Melkizedeki,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili nimewashia jiko.

Kauthar alifunga. Ule mwaka mmoja tu, wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wasichana wa madrasa walikuwa wanamwita Mla Mchana. Wakimwona tu, "Mla Mchana, leo umepika nini?" Alikuja jikoni akaniambia, "Mama, mimi nitakuwa mtoto mpaka lini?" Ruhusa ya mgonjwa kula naijua, kila Mwislamu anaijua. Lakini ilikuwa imepita miezi saba hajaanguka. Miezi saba, Mzee, na wewe ulikuwa unaandika kwenye kadi yake na kutabasamu. Nikasema pengine Mwenyezi Mungu amemwondolea. Nikaona haya kumzuilia mtoto ibada.

Ikabaki dawa. Siku ya kwenda kliniki ilikuwa bado, nikajipangia mwenyewe. Nilifikiri hivi: chakula cha mchana tunakihamishia usiku, tunaishi, hatufi. Basi na kidonge cha asubuhi kihamie huko huko. Nikawa nampa viwili wakati wa futari, baada ya tende na uji, kabla ya magimbi. Nilijiona nina akili sana. Jioni alikuwa anapepesuka kwenye tarawehe, akina mama wakimshika mkono, tukasema ni uchovu wa saumu.

Siku ya kumi na nane, baada ya adhuhuri, nilijilaza. Yeye alikuwa uani anafua. Nilikuwa nasikia anavyosugua, halafu usingizi ukanichukua. Kilichoniamsha ni ukimya. Nilimkuta amepiga magoti, uso ndani ya beseni. Maji yenyewe ukiweka mkono hayafiki kwenye kiwiko.

Watu waliuliza, "Dawa alikuwa anameza?" Nikajibu ndiyo, kila siku, hakuacha hata moja. Si uongo. Maneno hayo nimekaa nayo miaka miwili na nusu. Baba yake nilimjibu hivyo hivyo. Walisema amekufa na saumu yake, heri yake, nami nikaitikia amina.

Sasa wewe umeniambia kwamba kidonge hakisubiri. Nilikuwa nakisia, sasa najua.

Mzee, zile kurasa kumi na moja zina kila kitu isipokuwa hiki. Na hiki ndicho pekee ninachokijua kuliko mtu yeyote mjini hapa. Uliponiandikia kwamba asiyejua yote aache, nilikasirika, lakini chini ya hasira nilipata nafuu. Nilipata pa kujificha. Ningesema Dokta amenikataza.

Mwantum amekuja tena jana. Nimemwambia apeleke mtoto kliniki. Kwa nini nasisitiza, sijamwambia.

Umesoma haya sasa. Sema lolote.

Radhia


Singida Mjini,
25 Januari 2024

Mzee Melkizedeki,

Shikamoo. Amri ananiambia barua ya mwezi wa kumi na mbili alikupa mkononi, na uliipokea ukiwa mzima. Kila gari la Kiomboi likiingia nakwenda stendi. Jana amenionea huruma, akaniambia, "Mama, ikiwepo nitakuletea, usisimame na jua hili."

Kama nimekuchukiza, naelewa. Mtu aliyefanya nililolifanya si wa kuandikiwa barua. Ila ningeomba uniambie kwa maandishi, nisikae nasikiliza magari.

Radhia


Kinampanda,
3 Februari 2024

Mama Kauthar,

Sikuumwa, na hukunichukiza. Usitafute kosa kwako. Nimekuwa naandika na kuchana.

Nilikuandikia Desemba kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya kufunga. Nilikudanganya. Mmoja aliniuliza, na wakati naandika maneno yale nilikuwa namwona mbele yangu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, 2021, wiki yangu ya mwisho kazini. Wewe ulikuwa umetangulia kupanga foleni dirisha la dawa. Kauthar alibaki kwenye kiti. Akaniuliza, "Dokta, nikifunga mwaka huu, dawa nazimezaje?" Nje kulikuwa na watu kama arobaini. Nikamwambia mambo ya dini amuulize mama yake na shehe wenu. Nikaita jina linalofuata.

Ningeweza kukuambia sikusikia, maana masikio yalikuwa yameanza kuniacha. Nilisikia.

Yote niliyokueleza kuhusu kidonge na usingizi nilikuwa nayo kichwani siku ile. Ingenichukua dakika tatu. Niliogopa kuingia kwenye jambo la imani yenu nisilolijua, nikajiambia mtu asiseme asilolijua lote. Ndiyo sheria niliyokuandikia na wewe, kwa wino mwekundu. Niliposikia amefariki niliambiwa amezama kwenye maji, nikauliza ilikuwa tarehe ngapi. Nikatazama kalenda, ilikuwa ndani ya Ramadhani. Nikakaa nikakuandikia ile barua ya pole. Unaihifadhi ndani ya msahafu, umesema. Nakuomba uitoe humo.

Sasa habari ya daftari. Siwezi kukuambia kwamba ujuzi hauna kazi. Ukurasa wa shoti bado ni mbaya, na neno ni langu, basi nalifuta mimi niliyelileta. Lakini mimi sikuwahi kujua kwamba mama anaweza kukihamisha kidonge kama anavyohamisha chakula cha mchana. Nisingelijua hata ningesoma miaka mingine thelathini. Hakuna anayeweza kuuandika ukurasa huo isipokuwa wewe. Andika ulivyofikiri, ulivyofanya na kilichotokea. Mimi nimeandika sababu zake za kitaalamu kwenye karatasi hizi mbili, uziweke chini yake. Pale ambapo sisi wote wawili hatujui, andika hatujui, aulizwe tabibu. Akina mama wako wauone kabla mwezi haujaandama.

Liweke jina langu, na lile nililomjibu Kauthar liwemo.

Kama baada ya haya hutaki tena kuniandikia, sitakuja kuuliza kwa nini.

Melkizedeki Shila


Singida Mjini,
4 Machi 2024

Mzee Melkizedeki,

Shikamoo. Shikamoo hiyo nimeiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na nimelelewa hivyo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaiweka chini, nikadeki nyumba nzima, hata chumba ambacho hakilaliwi. Wiki ya kwanza nilikuwa nakusema vibaya kwa sauti, peke yangu, nikikata vitambaa. Miaka kumi nimekaa kiti cha mlangoni. Dakika tatu. Kila nikitia kijiko cha sukari kwenye chai nilikuwa nasema, dakika tatu. Wiki ya pili nilichoka, nikatoa daftari juu ya kabati.

Ukurasa nimeuandika. Kabla ya kumwonyesha mtu nilimpigia Luqmani Tabora, maana ni mtoto wake, asije akasikia sokoni. Nilimwambia yote. Akasema, "Nimekusikia," akakata. Leo ni siku ya kumi na mbili hajapiga.

Alhamisi niliusoma darsani. Kila mtu alikuwa amekaa, mimi nimesimama kama mwanafunzi. Nilisoma vile viwili vya futari, nikasoma beseni, nikasoma karatasi zako. Hakuna aliyelia. Mmoja alisema taratibu, "Kumbe." Mwingine akasogeza mkeka wake kidogo. Ustadhati akakohoa, akasema nakala zitolewe kesho yake, zigawiwe pia misikiti mingine, na anayemjua Mkristo mwenye mgonjwa ampelekee. Alhamisi iliyofuata nilikaa, na pande zangu zote mbili palikuwa wazi. Nilisoma Kurani yangu nikarudi nyumbani.

Shoti nimeiondoa. Kitunguu nimekibakiza, na pembeni yake nimeandika: usikimbilie jikoni, kaa na mtoto. Kwenye Fatiha nimeongeza, asiyeijua ahesabu pole pole mpaka mia tatu. Kuna sehemu nne nimeandika hatujui.

Mwantum alichukua karatasi, akaenda nayo kliniki na binti yake. Tabibu wa sasa ameisoma, akamwambia binti asifunge mwaka huu, akamweleza kwa nini, na wakati wa kumeza usibadilishwe. Binti alilia njia nzima. Anapita mbele ya mlango wangu akienda shule na hanisalimii, anageuza uso upande wa pili. Mwantum anataka kumgombeza, nimemwambia aache. Nakaa dirishani saa moja asubuhi ili nimwone akininunia.

Jina lako nimeliweka kwenye karatasi za dawa. Lile ulilomjibu Kauthar sikuliweka. Usidhani nakuficha. Hilo bado ni langu, sijamaliza nalo. Barua ya pole nimeitoa kwenye msahafu, iko kwenye kopo la nyuzi. Kukusamehe nimeomba nguvu yake kila alfajiri, na inakuja kidogo kidogo, haijafika yote. Ikifika nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Lakini kuna jambo limenikaa moyoni toka niliposoma barua yako mara ya pili. Mimi nilidhani maneno ya mwanangu yamekwisha. Nimeyarudia yote niliyokuwa nayo, aliyosema jikoni, aliyosema akiumwa, mpaka mengine sijui tena kama aliyasema au nimeyatunga. Nilidhani ndiyo hayo tu mpaka siku tutakapokutana. Kumbe kulikuwa na mengine kwako, na mimi niko kwenye foleni ya dawa, sikuyasikia.

Umeniandikia mstari mmoja. Niandikie yote. Alikuwa amekaa vipi, ameegemea au amekaa ukingoni? Alisema Dokta kwanza au alikohoa kwanza, maana alikuwa na tabia hiyo akitaka kuomba kitu. Alikuwa anaogopa au anakutania? Ulipomjibu vile, alisema lolote, au alicheka, au aliinamisha kichwa? Alipotoka alikuja kwangu dirishani, akanishika kwapani, akasema, "Mama, twende, nina njaa." Hiyo ninayo. Ya kabla yake sina.

Usinipunguzie. Hata kama ni baya, andika. Amri ataondoka kesho asubuhi na barua hii. Nimemwambia asikuache upige asante asante tu. Asubiri barazani kwako mpaka uinue kalamu.

Radhia